Bandari Haiishi kwa Ahadi za Jukwaani

Siku aliyoapishwa uwanjani Kasarani, tarehe 13 Septemba 2022, Rais William Ruto hakungoja kuzoea kiti. Katika hotuba ile ile ya kuingia madarakani alisema kwamba alasiri hiyo angetoa maagizo ili shughuli za kutoa mizigo zirudi bandari ya Mombasa. Huku kwetu zilipigwa vigelegele. Tarehe 20 Januari 2025 ikawa zamu ya Washington: Donald Trump akaapishwa kwa mara ya pili, na jioni yake akaingia ukumbi wa michezo uliofurika wafuasi, akawekewa meza jukwaani, akatia saini amri ya kuitoa Marekani katika mkataba wa tabianchi wa Paris, kisha akawarushia watu kalamu. Kabla siku haijaisha alikuwa pia amesimamisha misaada ya nje kwa siku 90 na kuanza safari ya kujitoa katika Shirika la Afya Duniani.

Uzito wa maamuzi haya haulingani, hilo ni wazi. Lakini namna ya kutawala ni moja. Mshindi anatoka uchaguzini akiamini kwamba kura alizopewa ni idhini ya kutosha kwa kila jambo, na kwamba bunge, mahakama, mabalozi na mikataba iliyotiwa saini na waliomtangulia ni vikwazo vilivyowekwa na wakubwa ili wananchi wasipate haki yao. Hizi ndizo siasa za kipopulisti, za mtu na umati wake. Kwa miaka kumi hivi, tangu Waingereza walipopiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya Juni 2016 na Wamarekani wakamchagua Trump Novemba mwaka huo huo, wachambuzi wamekuwa wakizijadili kama ugonjwa wa Ulaya na Marekani. Sisi tunaokaa mji wa bandari tuna haki ya kuzijadili kwa macho yetu, maana bandari ni mahali ambapo siasa za nchi nyingine hushushwa kwa winchi.

Hoja yangu ni hii: ushindi wa aina hii ukishakuwa wa kawaida duniani, uhusiano wa nchi na nchi hutoka kwenye mikataba ukaingia kwenye hisani. Mwenye nguvu anatoa leo, kesho anakumbuka kwamba hukumshukuru, anapunguza. Ni kama kupanda matatu ya Mtwapa jioni mvua ikinyesha: nauli inategemea manamba amekuonaje na abiria wengine ni wangapi. Mwenye gari lake hana shida. Anayeumia ni asiye na njia nyingine ya kufika nyumbani, na katika mambo ya dunia Kenya iko kwenye foleni hiyo.

Kabla ya kuwalaumu wanaowapigia kura viongozi hawa, tukumbuke mwaka 2019. Serikali ya wakati huo iliagiza kwamba mizigo ya kuingia nchini ipakiwe kwenye treni ya reli mpya ya SGR moja kwa moja hadi Embakasi, Nairobi, na kukaguliwa huko. Sababu haikuwa siri. Reli ilijengwa kwa mikopo mikubwa ya benki ya Exim ya China, na Halmashauri ya Bandari ilikuwa imefungwa na mkataba wa kuihakikishia reli kiasi fulani cha mzigo, upatikane usipatikane. Waliofunga mahesabu hayo walikuwa Nairobi na Beijing. Waliolipa walikuwa Changamwe, Miritini na Jomvu, mitaa ya hapa Mombasa. Aliyepita barabara ya Magongo siku zile aliona vichwa vya malori vimeegeshwa wiki nzima bila kuguswa, fundi wa matairi amekalia ringi anacheza karata, na vibanda vya chai vilivyokuwa vikifunguliwa kabla ya alfajiri kwa ajili ya madereva na mataniboi vimefungwa kwa kufuli. Wenye nyumba za kupanga nao wakaanza kuhesabu vyumba vitupu. Maandamano yakafuatana, na jibu walilopewa waandamanaji kwa siku nyingi lilikuwa gesi ya kutoa machozi.

Sasa mtu akija akasimama juu ya gari akasema wakubwa wamekula jasho lenu, utamwambia nini mkaazi wa Miritini? Kwamba mtazamo huo ni rahisi mno? Malalamiko yalikuwa ya kweli. Ndivyo yalivyokuwa pia kwa wafanyakazi wa viwanda vilivyofungwa Michigan na Pennsylvania, majimbo yaliyompa Trump ushindi wa 2016, na kwa miji ya kaskazini ya Uingereza iliyoachwa migodi ya makaa ilipofungwa. Wanaosema wapiga kura hawa walidanganywa tu hawajawahi kukosa kodi ya nyumba kwa sababu ya uamuzi uliopitishwa mahali wasipopajua.

Tatizo linaanzia kwenye dawa. Agizo la 2019 lilitolewa kwa tamko, na 2022 likafutwa kwa tamko. Hakuna sheria iliyotungwa katikati kumzuia rais wa tatu kulirudisha. Mikopo ya reli haikufutwa na makofi ya Kasarani, na ni hiyo iliyoipeleka hazina ya Kenya kubadilisha madeni hayo kutoka dola kwenda yuan ya China mwaka 2025 ili kupunguza riba. Mwenye yadi ya kontena Miritini, akitaka kukopa benki anunue winchi mpya, anaulizwa kazi yake itakuwepo miaka mitano ijayo. Jibu la kweli ni kwamba inategemea atakayeshinda. Siasa za kipopulisti humpa mtu haki yake kama zawadi, na zawadi aliyeitoa anaweza kuichukua.

Ndani ya nchi zenyewe, mabadiliko yana mkondo unaojulikana. Viktor Orbán wa Hungaria alipata mwaka 2010 zaidi kidogo ya nusu ya kura, lakini mfumo wa uchaguzi ukampa theluthi mbili za viti, na kwa viti hivyo akaandika katiba mpya iliyoanza kutumika Januari 2012. Poland ilifuata njia ya kubana mahakama baada ya 2015, na hata wapinzani waliposhinda 2023 waligundua kwamba kuwaondoa majaji waliowekwa kinyume cha utaratibu ni kazi ngumu kuliko kushinda uchaguzi. Brazil ilimtoa Jair Bolsonaro kwa kura 2022, wafuasi wake wakavamia bunge, ikulu na mahakama ya juu tarehe 8 Januari 2023. Sitalirefusha hili; Wakenya tunaijua ladha ya matokeo yanayokataliwa.

La Orbán linalonivutia zaidi liko nje ya Hungaria. Desemba 2023 viongozi wa Umoja wa Ulaya walikaa Brussels kuamua kama waanze mazungumzo ya kuiingiza Ukraine. Uamuzi ulihitaji sauti ya wote 27. Orbán alikuwa akipinga. Mwishowe akatoka chumbani, wenzake 26 wakapitisha bila yeye, kisha akarudi na kuzuia msaada wa yuro bilioni 50 kwa Ukraine hadi Februari 2024. Mtu mmoja, wa nchi ya watu wasiofika milioni kumi, aliyumbisha maamuzi ya bara zima kwa kutoka na kuingia mlangoni. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo huamua kwa maafikiano ya marais. Tujiulize ingekuwaje tukipata wawili watatu wa aina hiyo kwa wakati mmoja.

Kwa kweli mmoja tulishampata, na alizungumza Kiswahili kizuri. John Magufuli alishinda Tanzania mwaka 2015 kwa sifa ya tingatinga, mtu wa kufagia wezi, na wengi wetu huku pwani ya Kenya tulimwonea wivu Mtanzania. Mwaka 2017 serikali yake ilichoma moto vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya kupitia Namanga, ikitoa sababu ya homa ya ndege, na mwaka huo huo ikanadi zaidi ya ng'ombe 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka mpaka. Kisheria kulikuwa na hoja. Kijirani, kuchoma vifaranga vikiwa hai ulikuwa ujumbe, na ujumbe huo uliandikiwa hadhira ya nyumbani zaidi kuliko Nairobi. Janga la korona lilipofika, Magufuli akisema ugonjwa umeshindwa kwa maombi na Kenya ikiwapima madereva, Mei 2020 malori yakakwama mipakani na wakuu wa mikoa wakajibizana na Nairobi kama vile wao ndio wizara ya mambo ya nje. Familia zilizogawanyika kati ya Vanga na Tanga hazikuulizwa. Mara Mama Samia aliposhika uongozi Machi 2021, ilimtosha ziara moja ya Nairobi, mwezi Mei, milango ikaanza kufunguka. Wengi waliisifu ziara hiyo. Mimi iliniogopesha, kwa sababu ilionyesha kwamba biashara ya nchi mbili zilizo katika soko la pamoja tangu 2010 ilikuwa ikining'inia kwenye hali ya moyo ya mtu mmoja.

Nimtendee haki Magufuli, maana wanaomsifu nao wana lao. Kampuni ya dhahabu aliyoikaba 2017 ililetewa madai ya kodi ya dola bilioni 190, hesabu ambayo hata mchumi wa mwaka wa kwanza angetilia shaka. Ilikuwa namba ya jukwaani. Lakini mazungumzo yalipokwisha, Tanzania ilipata asilimia 16 ya umiliki katika kampuni mpya ya Twiga na ahadi ya dola milioni 300. Waungwana waliomtangulia walikuwa wametia saini mikataba kwa adabu na wakapata kidogo kuliko hicho. Kelele zina faida yake zikielekezwa kwa mkubwa anayekuhitaji. Shida ni kwamba mwenye kuzoea kelele huzitumia pia kwa jirani mwenye vifaranga.

Zambia ilitoa somo la upande wa pili. Michael Sata aligombea urais mwaka 2006 na 2008 akiwashambulia wawekezaji wa Kichina migodini, akashindwa. Aliposhinda Septemba 2011, hazikupita wiki nyingi akawaandalia Wachina hao hao chakula cha mchana ikulu. Kwa hiyo anayedhani kila neno la kampeni litakuwa sera anajisumbua, na anayedhani hakuna litakalokuwa sera ndiye aliyeshtuka Januari 2025.

Mshtuko huo tuliuona Kenya kwa karibu. Mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi, PEPFAR, ulianzishwa na George W. Bush mwaka 2003, mhafidhina ambaye hakuna aliyemshuku kuwa mpole kwa fedha za walipa kodi. Ulidumu chini ya marais wa vyama vyote viwili kwa sababu ulikuwa na bajeti ya bunge na taratibu zake. Amri ya Trump ya siku ya kwanza ilipotoka, vituo vya huduma vilivyolipwa kwa fedha za Marekani vilifunga milango, wahudumu wakaambiwa wabaki nyumbani, na wagonjwa waliokuwa wakichukua dawa za miezi mitatu wakaanza kupewa za wiki. Kufikia Julai 2025 shirika la USAID lenyewe lilikuwa limemezwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kusomwa polepole. Desemba 2025 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kutia saini makubaliano ya afya ya mtindo mpya na Marekani: wao kutoa hadi dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano, sisi kuongeza dola milioni 850 zetu. Kuna jema ndani yake; ni aibu nchi kutegemea hazina ya wengine kununua dawa za watu wake. Lakini humo humo kulikuwa na suala la takwimu za afya za Wakenya, na wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji wa sehemu hiyo. Zamani nchi maskini zilikaa pamoja Geneva zikadai dawa kwa pamoja. Sasa kila moja inaingia chumbani peke yake na kuulizwa ina nini mkononi. Ukiwa na madini, unaulizwa madini. Usipokuwa nayo, faili la mgonjwa wako linakuwa bidhaa.

Nguo nazo zina hadithi hiyo hiyo, ila fupi. Sheria ya AGOA ya mwaka 2000 iliruhusu nguo zinazoshonwa katika viwanda vya kuuza nje, vingine vikiwa hapa Mombasa, kuingia Marekani bila ushuru. Ilikuwa ikilisha makumi ya maelfu ya wafanyakazi nchini, wengi wao wanawake. Aprili 2025 ukatangazwa ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za Kenya, na tarehe 30 Septemba AGOA ikafikia ukomo bila kuongezewa muda. Hata sheria kama hiyo ikifufuliwa kwa miezi, mwenye kiwanda haagizi cherehani mpya kwa mkataba wa miezi. Anapunguza zamu ya usiku, na dada aliyekuwa akiwasomesha wadogo zake anarudi kijijini akingoja kupigiwa simu.

Pesa za jamaa walio ng'ambo ziliponea chupuchupu. Mwaka 2024 Wakenya wa nje walituma nyumbani dola bilioni 4.9 hivi, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Muswada wa kwanza wa Marekani ulitaka kodi ya asilimia 5 kwa pesa zinazotumwa na wasio raia. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 ikaishia asilimia 1, kuanzia Januari 2026, kwa wanaotuma fedha taslimu. Ni kidogo. Ila tusisahau kilichoifanya kodi hiyo ifikiriwe: mgeni ndiye adui anayepatikana kwa bei nafuu zaidi, kwani hapigi kura.

Na hapo Mombasa haiwezi kujifanya mgeni wa jambo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, silaha zikaibwa, askari wakauawa, na wiki zilizofuata watu wa bara wakafukuzwa, wakachomewa nyumba na kuuawa kwa sababu ya walikotoka. Vijana walioingizwa katika mambo yale walikuwa na kilio cha haki: ardhi ambayo babu zao waliipoteza kwa sheria ya hatimiliki ya 1908, na ajira za bandarini na hotelini walizoziona zikienda kwa wengine. Tume ya Akiwumi ilikaa, ikasikiliza, ikaandika. Waliofaidika ni wanasiasa. Maskwota walibaki maskwota, watalii walikimbia, na hoteli za pwani ya kusini zilichukua muda mrefu kujaa tena. Kila ninapomsikia mgombea wa Ulaya akiahidi kwamba wageni wakiondoka kazi zitarudi, nakumbuka Likoni, maana ahadi hiyo ilishajaribiwa hapa na hesabu yake ilitoka.

Ruto mwenyewe alipanda kwa lugha ya mnyonge na mwenye nacho, akiwa na wilbaro kama nembo ya chama, akashinda kwa asilimia 50.49. Kisha akakuta hazina tupu na madeni, akapandisha kodi, na Juni 2024 vijana wakatumia lugha ile ile dhidi yake: wakamwita Zakayo, mtoza ushuru wa Biblia, wakamiminika barabarani kuanzia Nairobi hadi Mombasa, wengine wakalipa kwa roho zao. Siku moja baada ya bunge kuvamiwa, muswada wa fedha ukaondolewa. Ukimfundisha mtu kwamba sauti ya umati inatosha kuwa sheria, usishangae umati ukikutungia sheria.

Novemba 2025, akiwa kwenye kampeni, Rais Yoweri Museveni wa Uganda alisema redioni kwamba Bahari ya Hindi ni yake pia, na kwamba huko mbele kunaweza kutokea vita ikiwa nchi zisizo na pwani zitaendelea kuzuiwa. Nairobi ikasema hayo ni maneno tu. Huenda. Lakini sehemu kubwa zaidi ya mzigo unaopitia bandari yetu kwenda nje ni wa Uganda, na mwaka 2023 Kampala ilishatufikisha mahakama ya Afrika Mashariki kwa sababu Kenya, iliyokwisha kuingia mpango wake wa mafuta na makampuni ya Ghuba, iliinyima kampuni ya taifa ya mafuta ya Uganda leseni ya kuagiza yake kupitia hapa. Dar es Salaam ipo, na reli yao ya umeme ipo.

Kenya itapiga kura tarehe 10 Agosti 2027, na magari ya vipaza sauti yatafika Changamwe mapema kuliko kawaida. Kila mgombea ataahidi bandari. Ningependa aulizwe mambo matatu yasiyopendeza kwa vipaza sauti: mkataba wa kuihakikishia reli mizigo utafanywaje na nani atalipa pengo, kama yuko tayari kupeleka bungeni sheria itakayomnyima yeye mwenyewe uwezo wa kuhamisha mizigo kwa tamko, na kama makubaliano yake na Kampala, Beijing au Washington yatapitia Sheria ya Kuridhia Mikataba ya 2012 kabla ya kuanza kutekelezwa, au tutayasoma baadaye mahakamani. Akijibu kwamba wananchi wamwamini tu, wenye malori wasiuze magari yao bado, ila wasikope.